Mstari wa Kwao

Mwandiko wangu ni mzuri. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo pekee nililosifiwa nalo maisha yangu yote, na bila hilo nisingekuwa na kitu cha kusimulia. Masista walionifundisha shule ya msingi walinichapa vidole mpaka herufi zangu zikasimama wima. Baadaye, nilipoomba kazi ya serikali mjini Bunia, shefu wa ofisi hakuitazama hata diploma yangu. Alinipa kalamu ya buluu na kipande cha karatasi, akasema, "Andika jina la baba yako." Niliandika. Akakiinua kile kipande kuelekea dirishani, akakitazama kwa muda, akaniambia nianze kazi Jumatatu.

Ofisi yetu ilikuwa ya kuandikisha raia. Waliozaliwa, waliooana na waliokufa wote walipita mbele ya meza yangu, ingawa wa kufa walikuwa wachache, kwa sababu watu wetu huona ajabu kupanga foleni ili kuiambia serikali kwamba mtu wao hayupo tena. Tulikuwa na vitabu vikubwa vya jalada jeusi, vingine vya tangu wakati wa Wabelgiji, na shefu alipaka rafu zake mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la kijivu asilolivua hata jua likiwaka. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kuandika kwenye karatasi kitu ambacho hakimo kitabuni. Mwaka wangu wa kwanza alinirudishia cheti kimoja mara nne kwa sababu ya herufi moja ya jina la babu wa mtu. Nilimchukia, kisha nikawa kama yeye.

Mimi si wa huku. Baba yangu alihamishwa kutoka Kisangani, naye pia alikuwa mfanyakazi wa serikali, nikakulia Bunia nikiwa mgeni anayejua kila njia. Nalisema hili mapema ili msomaji asianze kunipekua. Na majina ya makabila sitayataja. Niliyaandika ya kutosha. Nitasema walioushika mji, na nitasema wale wa upande wa pili, na hapo pia itabidi tuwe waangalifu, maana walikuwa wakibadilishana.

Vita vilipokuja ofisi haikufungwa. Watu hawaniamini nikisema hivyo. Mishahara ilikuwa imeacha kuja hata kabla ya risasi ya kwanza, vioo vya madirisha vilikuwa vimekwisha, lakini saa moja na nusu shefu alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, akitazama saa. Mke wangu aliniuliza asubuhi moja, "Unakwenda kutumikia nani?" Nikamjibu kwamba nakwenda kazini. Kila aliyeushika mji alituletea muhuri wake mpya, akatuambia tuendelee. Ile ya zamani shefu aliifungia kwenye droo ya chini, na mwisho droo ile ilikuwa na mihuri mitano. Nilipoifungua siku moja kutafuta kalamu nilipatwa na woga, nikaifunga upesi.

Karatasi iliyotafutwa zaidi miaka ile ilikuwa ya kuthibitisha kwamba umepoteza vitambulisho vyako. Nyumba zilikuwa zikiungua, watu wakikimbia na watoto tu mikononi, kwa hiyo kila mtu alikuwa amepoteza. Fomu yake ilikuwa fupi: jina, jina la baba, jina la mama, mwaka wa kuzaliwa, kijiji na kolektivite ya asili, yaani eneo la chifu wao. Mstari huo wa mwisho sisi wa ofisini tuliuita mstari wa kwao. Zamani niliujaza bila hata kufikiri, mtu akitaja huku nami nikiandika. Wakati wa vita ndio mstari uliosomwa kwanza. Pale bariyeri, kwenye vizuizi vya njia za kutoka mjini, kijana mwenye bunduki ambaye hakujua kusoma jina lake mwenyewe aliyajua majina ya kolektivite zetu kwa umbo. Kidole chake kilishuka moja kwa moja mpaka chini.

Ndipo watu walianza kuja na kwao kupya. Mtu niliyemwandikia harusi yake alisimama mbele yangu akataja kijiji ambacho hajawahi kukanyaga. Wengine walinong'ona, wengine walitaja kwa sauti kubwa huku wakiniangalia machoni. Shefu alikataa wote, nami nilikataa kama yeye.

Mmoja wao alikuwa fundi wa redio. Ndiye aliyetengeneza ile redio ya shefu iliyokuwa juu ya rafu. Aliniomba nimbadilishie mstari ule mmoja tu apate kupanda lori, nikamjibu kwa sauti ya ofisini, ile tunayoitumia tukitaka mtu aone aibu na aondoke. Nilimwambia kitabu kinasema vingine. Alicheka kidogo, akaichukua karatasi yake ya kweli niliyoiandika vizuri sana, akaenda. Siku ya tatu tulisikia kwamba alishushwa kwenye lori pale bariyeri, na lori likaendelea bila yeye. Shefu aliwasha redio kusikiliza habari kama kila siku. Sauti ilikuwa safi kabisa, na mimi nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta wa choo mpaka habari zikaisha.

Sasa nifike kwa yule mama.

Aliuza mandazi karibu na daraja la Nyamukau, kwenye njia yangu ya kwenda kazini. Kwa miaka nilinunua mawili kila asubuhi. Fomu tulizoharibu ofisini nilimpelekea yeye azifungie mandazi, kwa hiyo mara nyingi nilirudishiwa karatasi yangu mwenyewe ikiwa na mafuta. Hakujua kusoma, lakini alijua karatasi zile ni za nini, na alinitania. "Papa, leo unakula jina ya nani?" Nilisoma jina lililoko kwenye mafuta nikamwambia, naye akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Binti yake alipozaliwa nilimwandika mimi mwenyewe kitabuni, na mahali pa baba nikapiga mstari, kwa kuwa hakumtaja. Kijiji chao nilikijua, kolektivite yao niliijua. Walikuwa watu wa upande wa pili, na mwaka ule ninaousema, mji ulikuwa umeshikwa na wale wengine.

Alikuja ofisini saa sita mchana, akimshika mkono yule binti, wakati huo ana miaka kama minne. Shefu alikuwa ameitwa kwenye mkutano na wakubwa. Siku za mikutano alikuwa akiniachia fomu chache alizokwisha kutia sahihi na muhuri, ili watu wasirudi bure. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, na ofisi zote nilizozijua zilifanya hivyo.

"Papa, nyumba yetu iliungua juzi," alisema. "Niko nakwenda Boga. Nasikia kwa misheni wanapokea bamama. Nataka karatasi ya kupoteza."

Nikavuta fomu. Akaweka kiganja chake juu yake kabla sijaandika.

"Usiandike kwetu. Andika kwao."

Nilisikia redio ya shefu. Haikuwa imewashwa. Nilimwangalia yule mtoto, ambaye alikuwa akipitisha kidole kwenye ukingo wa meza, na nikasema sawa. Sikusita hata kidogo. Nilikuwa nimekwisha kuamua tangu siku ile ya ukuta wa choo, ila sikujua ni nani atakayekuja kunidai uamuzi huo.

Tulichagua kijiji pamoja. Nilitafuta cha mbali, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumjua. Lugha haikuwa tatizo, kwa kuwa huko kwao Djugu makabila hayo mawili husema lugha moja. Ndiyo maana pale bariyeri walitaka karatasi, kwa sababu masikio yao hayakuweza kuwatofautisha. Nikamfundisha jina la kijiji, jina la chifu, jina la mto. Yeye alikosea mara mbili. Mtoto hakukosea. Nilimuuliza, "Kwenu wapi?" akakitaja kile kijiji kwa sauti nyembamba, sawasawa, kama mtu aliyezaliwa huko. Nikamsifu. Nilimpigapiga kichwani na kumwambia ana akili, na huo ni wakati mmoja ambao ningetoa mkono huu unaoandika ili niufute.

Kisha ikaja saa ya kumpa karatasi, na sikumpa.

Nataka hapa nieleweke vizuri, kwa sababu watu niliowasimulia hudhani niliogopa. Sikuogopa. Fomu ilikuwa haina namba. Namba hutoka kitabuni, na kuingiza uongo ule kitabuni kulihitaji muda, ukurasa uliotulia, na shefu asiwe karibu. Tena muhuri wake ulikuwa umefifia upande mmoja, kidau cha wino kilikuwa kikavu. Nilimwambia aje kesho asubuhi.

"Lori iko leo," alisema. "Iko napakia pale soko. Saa nane inakwenda."

"Mama, karatasi isiyo na namba ni karatasi ya mashaka. Kesho kuna lori lingine."

Alifikiri. Alinijua mimi kama mtu wa kazi yake, mtu anayejua. "Sawa, papa," akasema, akaondoka na mtoto.

Wale vijana wa bariyeri hawakuwahi kusoma namba hata siku moja. Nililijua hilo. Ni mimi ambaye sikuweza kuiacha karatasi itoke bila namba. Hata uongo nilitaka uwe umefuata utaratibu. Jioni ile, kabla ya kufunga, niliuandika kitabuni kwa kalamu ya buluu, mstari mzuri ulionyooka, kisha nikaipiga fomu muhuri upya kwa wino niliouchanganya na mate.

Asubuhi walikuwa mlangoni kabla ya shefu. Nilimpa karatasi nikiwa nimeikunja mara nne, na nikamwambia kile nilichomwambia kila mtu kwa miaka yote, maneno yanayotoka mdomoni bila kupita kichwani: "Usiipoteze hii. Ukiipoteza hii, hatutoi nyingine." Akaifunga kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili. Alikuwa amenibebea mandazi mawili, yaliyofungwa kwenye jani la mgomba kwa kuwa karatasi zake ziliungua na nyumba. Nilikula moja pale pale mlangoni. La pili nilimwekea shefu.

Risasi zilianza mchana. Tulilala chini ya meza, shefu na mimi, koti lake likiwa limejaa vumbi, naye alikuwa akitaja kwa sauti ya chini miaka ya vitabu vilivyoko kwenye rafu, mmoja baada ya mwingine. Kabla ya jua kuzama mji ulikuwa umebadilika. Walioushika walikuwa wamekimbia, na waliokuja walikuwa wa upande wa pili. Watu wa yule mama. Watu wa kijiji kile cha kweli, ambacho sikukiandika.

Wenzangu wengine wa mjini walilia kwa ajili ya nyumba zao. Mimi nilikaa kwangu nikihesabu saa. Lori hupakia mpaka lijae. Kama liliondoka saa nne, lilipita bariyeri ya njia ya kusini ikiwa bado ya wale wa kwanza, na karatasi yangu ilimwokoa. Kama liliondoka saa sita, lilikuta bariyeri ya watu wake mwenyewe, naye alikuwa na karatasi yenye muhuri na namba na mwandiko mzuri inayosema kwamba yeye ni adui yao. Angeweza kusema nao. Lakini lugha ilikuwa moja, hata adui aliisema. Angeweza kuitupa karatasi njiani aliposikia risasi. Mtu yeyote mwenye akili angeitupa. Na mimi nilimwambia asiipoteze.

Ofisi ilipofunguliwa tena, tukapata muhuri wa sita. Niliwauliza madereva. Mmoja aliniambia kwamba siku ile lori moja lilisimamishwa na watu wakashushwa. Nikamuuliza ni akina nani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa majina ya mvua, akaondoka.

Nilimwambia shefu. Sikuweza kukaa nalo. Alisimama, akakitoa kitabu, akaufungua ukurasa, akausoma mstari ule kwa kidole mpaka mwisho. Nilitegemea kelele. Akakifunga kitabu, akakirudisha mahali pake. Kuanzia siku ile hakuniachia tena fomu hata moja yenye muhuri, mkutano uwe au usiwe, mpaka alipokufa.

Nilibadilisha njia ya kwenda kazini. Pale darajani alikaa mama mwingine na sufuria nyingine, na harufu ya mafuta ya mawese ikinikuta asubuhi nilikuwa nageuza uso. Mandazi sijala tangu hapo. Mke wangu anawaambia wageni kwamba nina ugonjwa wa tumbo. Na yale maneno ya kuhusu kutopoteza karatasi sikuyasema tena kwa mtu yeyote. Nilimpa mtu karatasi yake kimya. Wengine walisimama wakisubiri niseme kitu, kisha wakaondoka. Vitabu vyenyewe viliporwa baadaye, siku moja mbaya kuliko zile nyingine, na kwa wiki nzima karanga sokoni zilifungwa kwenye kurasa zetu. Nilinunua karanga nyingi sana wiki ile. Ukurasa ule sikuupata.

Miaka ilipita. Serikali ilirudi, au kitu kinachoitwa hivyo. Nikakalia kiti cha shefu, ingawa koti sikuvaa. Walituletea kompyuta isiyo na umeme wa kuiwasha, kwa hiyo kalamu yangu ikaendelea kunipa mkate.

Siku hiyo ilikuwa ya mvua, watu walikuwa wachache. Aliingia msichana mrefu, akiwa amevua viatu na kuvishika mkononi ili asichafue sakafu. Alisalimu vizuri, akaniambia anataka cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya kufunga ndoa. Nikamuuliza kama ana karatasi yoyote ya kuanzia. Akatoa kifuko cha plastiki kifuani, akakifungua, akaiweka mezani karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mtu anaujua mwandiko wake hata ukiwa umegeuzwa kichwa chini.

"Nilikuwa mutoto," alisema, akidhani nashindwa kusoma kwa kuwa wino umefifia. "Tulikuwa na mama kwenye lori, tunakwenda Boga. Waliomushusha waliisoma hii karatasi. Mama alisema nao luga yao, alisema ye ni wao, wakamucheka. Walisema karatasi haidanganye. Wakaitupa chini. Mama akaiokota, akanipatia miye, akaniacha kwa mama moja wa Boga alikuwa karibu yetu. Huyo mama ndiye alinikomalisha."

"Mama yako alisema nini?" Sijui kwa nini niliuliza. Nilijua.

"Alisema, 'Usipoteze hii. Ukipoteza hii hawatoi ingine.'" Akatabasamu kidogo. "Ni ile tu nakumbuka ya sauti yake. Sikuipoteza."

Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta fomu. Miaka yote ile nilikuwa nimetaka kujua kama aliitupa, na sasa nilijua, na maneno ya mwisho ambayo mtoto huyu alikuwa nayo kutoka kwa mama yake yalikuwa yangu. Nilianza kujaza. Jina. Jina la mama. Mwaka. Nilipofika kwenye mstari wa kwao, kalamu ilisimama.

"Andika kama pale," alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Hata kama kuko na kitu sielewi. Muzee, nilikwenda huko. Bakwe yangu wanauliza mahari tupeleke wapi, nani atapokea ngombe. Nikapanda pikipiki mpaka kwa hiyo kijiji. Nilikaa siku tatu. Nilitaja jina ya mama kwa kila nyumba. Wazee wote wanakataa. Hakuna mutu anamujua. Ni kama mama hakuzaliwa."

Alikuwa ameweka karatasi ya zamani kando ya fomu yangu mpya ili aninyooshee mstari. Kidole chake kilikwenda kutoka huku hadi huku, kikarudi. Kikasimama kwenye jina la mama yake, lililoandikwa mara mbili, na herufi zote zikiwa zimesimama wima kwa namna ile ile.

"Muzee," alisema. "Ni weye uliandika hii?"

"Ni mimi."

"Basi ulimujua."

Nilimwambia aketi. Nilimwambia kwanza kuhusu mandazi, kwa sababu hilo lilikuwa lake na hakuna mtu aliyewahi kumpa. Jinsi mama yake alivyoniuliza ninakula jina la nani. Jinsi kitenge kilivyomlegea akicheka. Alisikiliza akiwa amefungua mdomo kidogo, na mara moja akacheka, kicheko kile kile, na nilitamani niishie hapo. Nilitamani sana. Kisha nikamwambia mengine yote: kiganja juu ya fomu, kijiji tulichokichagua, namba, lori la saa nane ambalo nilimzuia asilipande. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyelishika jina la kile kijiji upesi, na kwamba nilimsifu. Nilimwambia kwamba mama yake aliwaambia ukweli pale bariyeri, na waliomshusha walikuwa watu wa kwao.

Hakulia. Alikaa na viatu vyake mapajani. Maisha yake yote alikuwa amewachukia watu fulani kwa sababu ya mama yake, na nilimwona akiwatafuta sasa hivi ndani yake mwenyewe, bila kujua aanzie wapi. Nje mvua ilikuwa imepungua. Mtu mmoja alichungulia mlangoni na faili lake, nikampungia mkono aende.

"Kwetu ni wapi?" aliuliza mwishowe.

Nikamtajia kijiji cha kweli.

Alikirudia kwa sauti, akakosea, nikamsahihisha, akakirudia tena. Kisha akaigeuza ile karatasi ya zamani, upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu, akaisukuma kwangu.

"Andika."

Nilichukua kalamu. Ni neno moja, na kolektivite yake, maneno mawili kwa jumla. Nimeandika maelfu ya watu wa mji huu. Herufi zilipanda na kushuka, moja ikaigonga nyingine, na mwisho wa neno ukateleza nje kabisa. Ningekuwa mwaka wangu wa kwanza, shefu angenirudishia. Msichana alisubiri wino ukauke, akayasoma yale maneno polepole akiwa ameyakaribia sana, akaikunja karatasi mara nne, akairudisha kwenye plastiki.

"Cheti?" niliuliza.

"Acha kwanza," alisema. "Nitakwenda kuona kama kuko mutu anamujua. Nitarudi kukuambia uandike gani."

Alivaa viatu vyake mlangoni. Hakuniaga, na sikutegemea aniage.

Fomu yake iko kwenye droo yangu ya juu, chini ya kalamu. Jina limejazwa, jina la mama limejazwa, mwaka umejazwa, muhuri haujapigwa. Kila asubuhi nikifungua droo nauona ule mstari mmoja mtupu. Nimebakiza miezi michache nistaafu, na nimemwambia atakayekalia kiti changu kwamba fomu ile asiitupe, hata kama haina namba.